Diski Mpya ya Madam

Madam alikuwa akinifungia kwa kufuli. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani baadaye natia chumvi. Kila asubuhi baada ya paredi alifungua mlango wa chuma wa chumba cha kompyuta, mimi nikavua viatu na kuingia, naye akaufunga kutoka nje na kwenda zake na ufunguo. "Si wewe ninayekufungia," aliniambia siku ya kwanza nilipolalamika. "Ninafungia wezi na wasichana wanaochungulia." Sawa. Lakini wezi walikuwa nje, wasichana walikuwa darasani, na aliyekuwa ndani ni mimi.

Nilikuwa karani katika shule moja ya bweni ya wasichana, juu kidogo ya Kangeta, katika ile miaka ya tisini ambapo kompyuta moja iliheshimiwa kuliko naibu wa chifu. Madam alikuwa mkuu wa shule. Hakuna aliyemwita kwa jina, hata mume wake alipokuja Jumapili alisema Madam. Alikuwa mama mnene, mcha Mungu, mwenye huruma ya kweli kabisa. Akikusikia unakohoa anakuletea asali kwa mkono wake mwenyewe. Na alikuwa na tabia moja tu iliyonitesa: kitu akikipenda, hakiachilii.

Mimi nilitaka kuachiliwa. Nina binti, na wakati huo alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anajua kusema maneno yote. Alikaa Ishiara kwa mama mkwe wangu tangu alipoacha kunyonya, kwa sababu nyumba za wafanyakazi pale shuleni hazikuruhusu watoto, na baba yake alikuwa na chumba kimoja Embu mjini, akifanya kazi ya zamu katika maabara ya hospitali. Ukitoka Kangeta ushuke hadi Meru, uzunguke mlima hadi Embu, halafu uteremke tena kwenye joto la Ishiara, siku imekwisha na wewe umekwisha nayo. Nilimwona mtoto mwisho wa mwezi, mvua ikiruhusu.

Safari moja nilipofika aliniletea kigoda, akakipangusa kwa gauni lake na kusema, "Tata, kaa hapa." Tata kwetu ni shangazi. Mama mkwe akamkemea: "Huyo si tata, ni mama yako!" Mtoto akanitazama, akasema, "Ee, mama," kwa adabu, kama mtu anayeshukuru kwa zawadi ambayo hajaifungua. Baada ya chai nikawa tata tena. Nililia garini mpaka Embu, na sina aibu kulisema.

Basi nafasi ikatokea. Shule moja ya Embu mjini ilitaka karani anayejua kompyuta, na mwalimu mkuu wa huko alikuwa amesoma chuo kimoja na Madam. Akaniambia wazi: "Ninakutaka, lakini siwezi kumnyang'anya mwenzangu mtu. Anipigie simu aseme amekuachilia, uanze muhula ujao. Nitangoja mpaka shule zifungwe." Mimi, mume wangu na mtoto tungekaa nyumba moja. Kwangu hiyo haikuwa kazi mpya, ilikuwa mtoto wangu kunijua.

Nilimwendea Madam siku hiyo hiyo niliyorudi. Alinisikiliza hadi mwisho, akapumua, akanishika mkono. "Mwari," akasema, maana aliniita binti yake kwa Kimeru kila alipotaka jambo, "mimi sikuzuii. Mtoto ni mtoto. Lakini utaniacha na hii maiti?" Alikuwa anaonyesha kompyuta. "Siku ambayo diski mpya itakubali kufanya kazi, siku hiyo nitapiga simu Embu." Akaweka mkono kifuani.

Ndivyo binti yangu alivyoingia ndani ya kompyuta.

Sasa niieleze hiyo kompyuta. Ilikuwa imetolewa na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo, na ilifika ikiwa tayari mzee, plastiki yake imegeuka rangi ya meno ya mvutaji. Ilipewa chumba chake chenye mapazia, zulia na dari iliyopakwa rangi upya, wakati maabara ya sayansi ilikuwa inavuja. Na kama ilivyo desturi yetu, ilivishwa. Kwetu nyumba ya heshima haina kitu kilicho uchi. Kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata chupa ya chai ina kitambaa chake. Wake wa walimu walifuma vitambaa vya kompyuta kwa rangi za shule, vyenye marinda pembeni, kimoja cha skrini, kimoja cha kibodi, na kikubwa zaidi cha lile sanduku lenyewe ambalo ndani yake mambo yote hufanyika. Cha sanduku kilikuwa kizito, kimefika hadi mezani pande zote. Madam alisema ni vumbi. Hapo ndipo nilipofanya kazi, nikifunua kibodi na skrini tu, lile sanduku limevaa rinda lake mchana kutwa.

Ndani ya sanduku kulikuwa na diski, kile chuma kinachotunza kila unachoandika hata stima ikikatwa. Ilikuwa ndogo na imejaa. Ripoti za wasichana, mitihani, barua za wazazi, yote yalikuwa mle, na kila nilipotaka kuhifadhi jambo jipya kompyuta iliniambia hakuna nafasi. Wazazi wakachanga. Madam akaenda Nairobi mwenyewe, akarudi na diski ya pili ndani ya mkoba, imefungwa kwa leso. Iliombewa kwenye paredi. Wasichana waliimba, ile diski ikiwa juu ya meza ya maua, na mwalimu wa hesabu, jirani yangu mwenye mdomo mrefu, akaninong'oneza, "Tukimaliza hapa inabatizwa ama inaoshwa miguu?"

Fundi alikuja kutoka Meru mjini, kijana mwenye tai na bisibisi mfukoni. Alifungua sanduku, akakuta ni la zamani mno, lina rafu ya diski moja tu. "Hakuna shida," akasema, "ya pili italala hapa chini." Akailaza sakafuni mwa sanduku.

Madam alikuwa amesimama nyuma yetu, hana viatu, mikono imefumbatwa. "Italala hapo hivyo? Kwa hii baridi ya Nyambene? Kwa chuma?"

"Haina shida, Madam."

"Nyinyi vijana hamjui kutunza kitu." Akatoka, akarudi na kipande cha sponji ya godoro na mfuko mweupe wa kufuma wenye kifungo, ule ambao nafikiri ulitengenezwa kwa ajili ya Biblia. Akaipima diski kwa macho kama mshonaji. Fundi akanitazama, mimi nikamtazama.

"Madam, si lazima," fundi akajaribu.

"Hata wewe kula kuku si lazima," Madam akasema. Na kuku alikuwa ananukia kutoka jikoni. Fundi akaivisha diski sponji, akaitia kwenye mfuko, akaacha tundu la nyaya, akafunga kifungo. Madam akatabasamu. Nilidhani diski ni kama kitabu, ukikifunika utakuwa umekosea nini?

Akawasha. Skrini ikawa nyeusi, halafu yakatokea maneno kwamba hakuna diski yoyote. Si mpya tu. Hata ile ya zamani, yenye ripoti zote, ilikuwa imetoweka.

"Ni ugeni tu," fundi akasema, akipangusa mikono. "Zipe muda zizoeane." Akala, akapanda gari la kushuka Meru, na huo ukawa mwisho wa uso wake.

Sasa nilikuwa nimefungiwa kweli. Kufuli nje, maiti mezani, na Madam ananiletea chai saa nne na kuuliza kwa sauti ya hospitali, "Imeamka?" Wakati mwingine aliitwa kwenye mkutano wa wazazi akanisahau hadi chakula cha mchana kikapita, nami nikabaki nikipiga mlango kwa rula. Wasichana walipita dirishani wakanipungia mkono. Nilijua kila ufa wa ile dari. Dirisha lilikuwa na vyuma, na nje ya vyuma kulikuwa na ukungu, na ukungu ukiondoka unaona mashamba ya miraa yakipanda kilima, na watu wakienda watakako. Haki, niliwaonea wivu hata mbuzi.

Diski ilikuja na karatasi iliyokunjwa, michoro na maandishi madogo. Niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Mwishowe nikaomba kumpigia fundi simu kutoka ofisini kwa Madam, naye akanieleza kwa haraka haraka kana kwamba namdai. Alikuwa amesahau jambo. Diski mbili zikiunganishwa kwenye waya mmoja, lazima moja iwekwe kuwa kubwa na nyingine iwe ndogo yake. Kila moja ina kijipande cheusi cha plastiki nyuma yake, kidogo kuliko punje ya mtama, ukikihamisha pini hii au ile ndipo inajua cheo chake. Zetu zote mbili zilikuwa zimewekwa kubwa. Zilikuwa kama wake wenza, kila mmoja anasema yeye ndiye wa kwanza, na mzee wa boma amekaa katikati haoni hata mmoja.

Nikafungua sanduku. Nikafungua kile kifungo, nikachomoa nyuma ya diski kidogo tu nje ya mfuko, nikakivuta kijipande kwa kibanio cha nyusi. Kikaruka, kikaangukia zulia. Ngai! Nilitambaa kwa magoti, nikalichana zulia lote kwa kitana cha nywele, na Madam alipofungua mlango aliniona pale chini akadhani nimeanguka kifafa. Nilikipata kimenasa kwenye soksi yangu mwenyewe. Nikakichomeka kwenye pini ya cheo kidogo, nikairudisha diski ndani ya sponji yake, kwa sababu nilikuwa mtu wa kutii, na nikawasha.

Zikaonekana zote mbili. Ile ya zamani na ripoti zake, na mpya, tupu, pana kama uwanja. Kweli kompyuta ilikuwa mzee, haikuweza kuhesabu ukubwa wote wa ile mpya, ilihesabu ilipofika ikachoka, lakini hata hiyo sehemu ilitutosha. Nikapiga mlango kwa ngumi zote mbili. Madam akaja mbio, akaona, akaanza wimbo palepale. Nikafunga sanduku, Madam mwenyewe akalivisha rinda lake, akaenda kuwaita walimu.

Walimu wakavua viatu, wakaingia mmoja mmoja, wakajipanga. Nikaandika sentensi, nikaamuru ihifadhiwe kwenye diski mpya. Kompyuta ikafikiri, ikakoroma, ikasema diski hiyo haipo.

"Si ulisema ipo?" Madam akaniuliza.

"Ilikuwepo, Madam."

Mwalimu wa hesabu akakohoa. "Labda imeenda Kangeta kununua miraa."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoendelea. Nikifungua sanduku asubuhi na kuwasha, diski ipo. Nafurahi, nafunga, navisha, nachapa ripoti, na kabla sijamaliza darasa moja diski imepotea. Nikafikiri waya umebanwa na kifuniko. Nikaupitisha upande mwingine. Ikapotea. Nikafikiri plagi imelegea. Nikaikaza. Ikapotea. Nikahamisha diski kutoka plagi moja ya waya hadi nyingine, nikakaza kila skrubu, nikasafisha pini kwa kifutio cha penseli. Kila jioni nilidhani nimeweza na kila asubuhi Madam alikuta nimeshindwa. Aliwahi kuja na kichupa cha mafuta ya kuombea, anataka kuipaka. "Madam!" nikamwambia. "Mafuta na stima? Unataka kutuzika wote?" Akakirudisha mfukoni, lakini midomo yake iliendelea kuomba.

Halafu maneno yakaanza. Kwamba nafanya makusudi. Kwamba nimeshaahidiwa Embu na sasa nimeifanyia kitu ili ionekane mbovu niondoke bila lawama. Madam hakunilaumu usoni, aliniambia tu, mkono begani, "Mwari, usiruhusu haraka ikutie majaribuni." Nilitaka kumng'ata. Mimi ndiye niliyekuwa naitaka ipone kuliko mtu yeyote katika wilaya hiyo! Kila ilipopotea nilimwona mtoto akipangusa kigoda. Shule zilikuwa karibu kufungwa. Mwalimu mkuu wa Embu alipiga kuuliza, Madam akamwambia, "Bado, bado," na kukata. Mume wangu alinipigia Jumapili kutoka kibanda cha simu: "Vumilia." Nikamwambia avumilie yeye, mimi nimechoka kuvumilia.

Asubuhi moja stima ilikatika nikiwa ndani. Diski ilikuwa imetoweka muda huo huo, kama kawaida yake. Nikaona badala ya kukaa bure gizani kwenye ukungu, nifungue sanduku niangalie waya tena. Nikatia mkono, na kiganja changu kikaugusa ule mfuko mweupe. Nikautoa haraka. Nikaugusa tena. Ulikuwa moto. Nikafungua kifungo, nikaondoa sponji, nikagusa chuma chenyewe, nikajilamba vidole. Kilikuwa moto kama sufuria ya githeri iliyotoka mekoni sasa hivi.

Nilikaa chini kwenye zulia. Nikacheka, halafu nikakasirika. Si waya, si plagi, si shetani, si mimi. Ile diski ilikuwa inazunguka ndani ya godoro, ndani ya mfuko, ndani ya sanduku lililozibwa matundu yake yote na rinda la kufuma. Ilikuwa inachemka mpaka inazimia, na mimi kila ilipozimia naifungua, inapigwa na baridi, inaamka, naivisha tena. Muda wote huo nilikuwa nimeishika mkononi. Nilikuwa nimefungua na kufunga kile kifungo kwa vidole hivi hivi na sikuwahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kufa kwa kutunzwa.

Stima iliporudi niliiacha uchi, sanduku wazi, nikawasha. Nikachapa ripoti za kidato cha kwanza. Nikaendelea na cha pili. Diski ipo. Nikaigusa, ni vuguvugu tu kama mkate. Nilikuwa katikati ya kidato cha tatu ufunguo ulipozunguka mlangoni.

Madam aliona kwanza mfuko juu ya meza. Hakuona skrini, hakuona ripoti zilizorundikana. Aliuokota, akaukung'uta, akaelekea kwenye sanduku kama mama anayemwendea mtoto aliyejifunua usingizini.

"Usiiguse, Madam."

Akageuka polepole. "Umesemaje?"

"Ni ule mfuko. Ni joto. Hii kitu inahitaji kupumua."

"Chuma hakipumui. Nimefundisha sayansi kabla hujazaliwa."

"Na mimi nimefungiwa humu na hiyo sayansi!" Sikujua kama nina sauti kubwa hivyo. "Umeifunika mpaka inakufa, Madam! Kila siku inakufa mikononi mwangu, na mtoto wangu anakua! Gusa. Gusa hapo uone!"

Hakuna aliyewahi kumpigia Madam kelele. Nilingoja mbingu ianguke. Yeye akabaki ameushika ule mfuko, uso umemvimba. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akaweka saa yake ya mkononi juu ya meza. "Basi tuone," akasema. "Ikipotea, tunaivisha na hutaniambia Embu tena. Endelea kuchapa."

Nikachapa. Yeye akatazama. Kengele ya chai ililia, hakuna aliyeondoka. Kengele ya chakula ikalia. Mara mbili tatu aliinua mkono kuigusa diski, akaurudisha. Nikamaliza kidato cha tatu, nikamaliza cha nne, nikahifadhi yote, nikafungua tena kumwonyesha yapo. Wasichana walipoanza kuimba wakienda kutafuta kuni za jikoni, Madam alitoa leso akajifuta macho. Akanikumbatia, akanibana kwenye kifua chake kikubwa mpaka nikakosa pumzi. "Umeshinda, mwari. Murungu amekutumia."

"Simu, Madam," nikasema kwenye bega lake.

"Kesho asubuhi."

Kesho asubuhi nilikuwa ofisini kwake kabla ya paredi. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu la nguo. Aliniketisha mbele yake, akamwomba opereta namba ya Embu, tukangoja, simu ikaita. Nilisikia sauti ya yule mwalimu mkuu ikitoka kwenye kishikio, ndogo lakini wazi.

"Mwenzangu!" Madam akasema, anang'aa. "Yule msichana wangu ameweza. Peke yake! Mafundi wa mjini wameshindwa, yeye amekaa akafikiri, akaona. Nakwambia ni kichwa. Ripoti zote zimetoka." Akanikonyeza. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. "Sasa ndiyo maana nimekupigia. Tafuta mwingine. Huyu hatoki hapa."

Mwalimu mkuu akacheka huko Embu. Nilimsikia akicheka. Akasema jambo kuhusu bahati ya Madam, wakaulizana habari za watoto, wakaagana.

Alipoweka simu chini alitandaza mikono akingoja furaha yangu. "Mtu kama wewe anaachiliwaje? Na sikukusahau. Nimeongea na bodi, watakupa ile nyumba ya vyumba viwili karibu na kanisa. Mlete mtoto. Nimevunja sheria kwa ajili yako."

"Uliweka mkono kifuani," nikasema.

"Nikasema nitapiga simu," akajibu, na alikuwa ananishangaa kwa dhati. "Si nimepiga?"

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi wema nilikuwa nimetenda, kwenda ndiko nilikokatazwa. Nilitoka ofisini, nikapita paredi yote nikiwa sioni mtu, nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikalia kama mtoto. Mwalimu wa hesabu akanikuta huko, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na mzaha. Aliniambia, "Vyumba viwili si kidogo. Nenda umlete." Na mimi nikajiambia hivyo hivyo. Shule zilipofungwa, nikateremka Ishiara kumchukua binti yangu.

Mama mkwe hakubishana. Huyo mwanamke hakuwahi kunionyesha ubaya, na labda ndiyo maana ilikuwa ngumu zaidi. "Ni wako," alisema. Alimwogesha mtoto, akampaka mafuta mpaka akang'aa, akamvisha gauni la kanisani, akafunga nguo zake kwenye shuka. Kisha akakaa kivulini na ungo wa ndengu akaanza kuchagua mawe. Jua lilikuwa kali, mbuzi wamejificha chini ya ghala. Nikamshika mtoto mkono.

"Tata, nitarudi lini?" akaniuliza.

"Hurudi. Tunaenda kukaa pamoja, mimi na wewe."

Akafikiri. Alikuwa mtoto mwenye kufikiri. "Kwani wewe huna mtoto wako?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Ni wewe."

Akacheka, vile watoto hucheka mtu mzima akifanya utani usiochekesha, kwa heshima tu. Akautoa mkono wake mkononi mwangu, bila fujo, akaenda akasimama karibu na goti la bibi yake. "Mimi ni wa cucu," akanieleza, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

Angelia ningeweza. Angepiga kelele na kujitupa chini ningembeba begani nikaenda. Lakini alisimama pale, ametulia, ananihurumia. "Basi mwache akae, mama," nikamwambia mama mkwe. "Nitakuja kumchukua nikiachiliwa."

Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ni nani amekushika?"

Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani amechota maji.

"Madam," nikasema.

"Yuko hapa?"

Nikatazama ile njia ya vumbi niliyoijia, kana kwamba huenda yuko. Haikuwa na mtu. "Hayuko," nikasema.

Akatupa jiwe moja kando, akaendelea kuchagua.

Nilikaa. Nilikaa chini, mchangani, na nguo zangu za safari, nikavuta ungo upande wangu. Shule zilipofunguliwa sikurudi Kangeta. Baba mtoto alikuja kutoka Embu, akazunguka boma akisema nimetupa kazi, kwamba mtu hatupi kazi ya kompyuta miaka hii, na yote aliyosema yalikuwa kweli, nikamwacha ayaseme mpaka yakaisha, kisha akala. Wapo walionicheka sokoni, karani mzima amerudi kulima ndengu. Nililima. Nilichukia lile jua na niliipenda kila siku yake.

Binti yangu aliendelea kuniita tata hadi mavuno. Sikumsahihisha hata siku moja. Kila alipoita, niliitika.